Kichaka chenye sumu uani: tung'oe au tuache?

Ujumbe wa wiki hii umetoka mbali. Dada mmoja anayeishi kusini mwa Uingereza na mumewe na watoto wao wawili, mmoja wa miaka mitano na mwingine wa mwaka mmoja na nusu, anaandika kwamba walihamia nyumba ya kupanga mwezi wa Februari, bustani yote ikiwa imelala kwa baridi. Nyuma ya nyumba palikuwa na nyasi kidogo na vichaka vitatu ambavyo hakuvijali. Mwishoni mwa Aprili vichaka vile vikafunguka. Kimoja, kirefu kuliko uzio, kimejaa vishada vya zambarau. Viwili vifupi vimefunikwa maua mekundu na ya waridi hata majani hayaonekani. Akapiga picha, akazituma kwenye kundi la familia, mawifi wakasifu. Kesho yake jirani, bibi mmoja mtu mzima, akamwambia kwa upole kutoka upande wa pili wa uzio: ni mazuri, lakini mchunge mdogo, hayo yana sumu.

"Tangu siku hiyo sijamwachia mtoto akanyage nyasi," anaandika. "Mume wangu amesema Jumamosi anaazima msumeno. Mimi roho inaniuma, maana ndicho kitu pekee kizuri tulichokikuta kwenye nyumba hii. Dada, tung'oe au tuache?"

Acheni. Nitaeleza kwa nini, na nitaeleza pia mnachotakiwa kufanya, kwa sababu kuacha bila kufanya lolote si jibu kwa nyumba yenye mtoto wa umri huo.

Kwa picha mlizotuma, kile kirefu ni rododendroni na vile vifupi ni azalea. Ni ukoo mmoja. Zamani wataalamu waliziweka mbali, baadaye wakaziunganisha, na leo azalea zote zimo ndani ya jamii ya rododendroni yenye aina zipatazo 1,000. Jina lenyewe ni la Kigiriki, maana yake mti wa waridi. Nyingi asili yake ni Asia, kuanzia milima ya Himalaya hadi China na Japani. Nepal wameifanya mojawapo kuwa ua la taifa. Afrika hatuna hata aina moja ya asili. Ila ndugu zake tunao: ile miti ya erika yenye majani membamba na ndevu za kuvu ambayo wapanda Kilimanjaro huipita wakishatoka msituni, hao ni wa familia moja na kichaka chenu.

Jirani hakukosea. Majani, maua na hata nekta ya mimea hii vina sumu iitwayo grayanotoksini. Kwenye mishipa ya fahamu na kwenye misuli ya moyo kuna vijilango vinavyofunguka na kufunga ili kupitisha sodiamu. Sumu hii huvizuia visifunge inavyotakiwa. Aliyeila kiasi cha kutosha hutokwa na mate mengi, mdomo humwasha, hutapika, husikia kizunguzungu, hulegea, mapigo ya moyo hupungua na shinikizo la damu hushuka.

Neno la kushika hapo ni kiasi. Mtoto aliyetia ua moja mdomoni na kulitema kwa kawaida huishia na mdomo kuwasha au tumbo kuchafuka. Wanaoumia sana ni wanyama, kwa sababu wao hula kwa kushiba. Huko Uingereza kondoo na mbuzi hupatwa zaidi wakati wa theluji, nyasi zikiwa zimefunikwa na kijani pekee kinachoonekana kikiwa rododendroni, au pale mtu anapopogoa kichaka chake na kutupa matawi ng'ambo ya uzio malishoni. Mbwa na paka nao si salama wakitafuna.

Mkimkuta mtoto ameshatafuna, mtoeni kilichomo mdomoni, mfuteni, mpeni maji kidogo anywe. Msimtapishe, wala msimpe maziwa kwa imani kwamba maziwa huua sumu. Chumeni jani na ua muweke kwenye mfuko ili mganga ajue anashughulika na nini, kisha pigeni 111 mwulize hata kama anacheka na kucheza. Akilegea, akisinzia isivyo kawaida, au akipata shida kupumua, hiyo ni 999 mara moja, msisubiri ushauri wa kundi la WhatsApp.

Kuna jambo la asali ambalo wazazi wengi hawalijui. Kwenye milima ya Uturuki kando ya Bahari Nyeusi rododendroni ni nyingi kiasi kwamba nyuki hujaza masega kwa nekta yake, na asali hiyo hulewesha. Mwaka 401 kabla ya Kristo, askari wa Kigiriki waliokuwa na Xenophon waliikuta karibu na mji unaoitwa leo Trabzon. Walioionja kidogo wakawa kama walevi, walioila sana wakalala chini kama wafu. Yeye mwenyewe ameandika kwamba hakuna aliyekufa, na baada ya siku tatu au nne walikuwa wamesimama. Asali ya namna hiyo inauzwa hadi leo, nyingine mitandaoni, ikisifiwa kuwa dawa ya nguvu za kiume. Akina baba, iacheni. Inapeleka watu hospitali na mapigo ya moyo yaliyoshuka. Asali ya kawaida ya dukani haina neno hilo, na vichaka vyenu vitatu haviwezi kuharibu mzinga wa mtu, kwa kuwa nyuki wa Uingereza huchanganya nekta za maua mengi. Ila kwa mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja, asali ya aina yoyote ni marufuku, kwa sababu nyingine kabisa ya vijidudu vinavyoweza kukaa ndani yake.

Sasa turudi kwa shemeji na msumeno wake. Kwanza, nyumba ni ya kupanga. Kung'oa vichaka vya mwenye nyumba bila ruhusa ni njia rahisi ya kuipoteza amana yenu. Pili, msumeno hauui rododendroni. Kisiki huchipua tena, na machipukizi hayo hutoka chini, laini, mabichi, kwenye kimo kilekile cha mtoto anayejifunza kutembea. Kile kirefu sasa hivi maua yake mengi yako juu ya kichwa chake. Mkikikata, mtakuwa mmeishusha sumu hadi mdomoni kwake.

Tatu, na hili ndilo zito kwangu: mkianza kung'oa kila chenye sumu, bustani za Uingereza mtazimaliza. Foksiglavu ina sumu, na labarnamu, na miti ya yuu, na maua ya dafodili ambayo shuleni wanawachoresha watoto kila majira ya kuchipua. Sisi wengine tumekulia ndani ya uzio wa mnyaa, ambao utomvu wake ukiingia jichoni unaweza kukupofusha, na nyuma ya jiko palikuwa na mbarika wenye mbegu za kuua. Hakuna aliyefyeka. Tuliambiwa, tukakemewa, tukaonyeshwa kwa kidole, na tukarudiwa mpaka ikaingia. Mtoto anayejua kwamba mmea unaweza kudhuru yuko salama hata kwenye bustani ya shule, bustani ya rafiki na bustani ya taifa, mahali ambako baba yake hawezi kwenda na msumeno.

Kwa huyu wa mwaka mmoja na nusu mafundisho bado ni mapema, hivyo kazi ni yenu. Nunueni wavu wa plastiki wa bustani na vijiti, mzungushie azalea zile mbili fupi kwa miezi ya maua. Fagieni maua yaliyoanguka kila asubuhi kabla hajatoka, kwa sababu mtoto wa umri huo hachumi, anaokota. Na asikae nje peke yake, jambo ambalo lingekuwa kweli hata kama bustani ingekuwa ya saruji tupu. Kama bado roho haitulii, zungumzeni na mwenye nyumba mzihamishe azalea hizo msimu wa kupukutika majani. Mizizi yake iko juujuu, imeshikana kama brashi, na kichaka cha miaka mingi huchimbuliwa na donge lake la udongo na kupandwa kwingine bila kununa. Mimea mingi ya umri huo haikubali.

Wa miaka mitano mpeni kazi. Maua ya rododendroni yakinyauka, kishada huvunjwa kwa kidole gumba pale kinapokutana na shina. Hutoa mlio, tak, na watoto wanaupenda mlio huo. Mwonyesheni vichipukizi vya kijani vilivyo chini kidogo ya kishada, mwambieni hivyo ndivyo maua ya mwaka kesho, ukivivunja umevunja Aprili ijayo. Ataogopa kuvigusa kuliko mnavyofikiri. Mkono mmoja unashika tawi, mwingine unavunja, kisha mikono inaoshwa kwa sabuni, na sheria inasemwa kila siku kwa maneno yaleyale: cha bustani hakiingii mdomoni mpaka mama au baba aseme. Azalea hazihitaji kuvunjwa maua hivyo, zenyewe hudondosha.

Kuvunja vishada kuna faida nyingine kwa kile cha zambarau. Kwa rangi na ukubwa wake nahisi ni ile aina iitwayo ponticum, iliyoletwa Uingereza karne ya 18 kupamba bustani za matajiri na sasa imevamia misitu ya Wales, Scotland na Ireland, inaziba mwanga hata mimea mingine isiote chini yake. Sheria inakataza kuipanda porini. Kishada kikiachwa hukomaza mbegu ndogo kama vumbi kwa maelfu. Kikivunjwa, hakuna mbegu. Basi mtoto wenu wa miaka mitano atakuwa anafanya kazi ya uhifadhi, mwambieni hivyo.

Maua yenyewe yatadumu wiki chache. Yatakayokuja mwaka kesho yanategemea mtakavyovitunza vichaka baada ya hapo, na hapa wengi huharibu kwa wema. Mimea hii inataka udongo wenye tindikali, pH kati ya 4.5 na 6. Kwenye udongo wa chokaa haiwezi kunyonya madini ya chuma, na majani huanza kugeuka njano huku mishipa yake ikibaki kijani. Ukiona hivyo usikimbilie mbolea, tafuta chokaa inatokea wapi. Mara nyingi inatoka kwenye bomba. Maji ya London na sehemu kubwa ya kusini mashariki ni mazito kwa chokaa, yaleyale yanayoacha ukoko mweupe kwenye birika lenu. Glasgow na Manchester maji yao ni laini na azalea hawalalamiki. Ninyi wekeni pipa chini ya mfereji wa paa mkinge mvua, ambayo huko haijawahi kuwa ya kuomba. Pipa liwe na mfuniko unaofungwa, maana mtoto mdogo na pipa la maji wazi ni hatari kubwa kuliko sumu yote niliyoitaja juu.

Kujua udongo wenu si lazima kununua kipimo. Tazameni haidrenjia za majirani mwezi wa Julai: zikiwa za buluu udongo una tindikali, zikiwa za waridi hauna. Au mpeni mtoto kijiko cha udongo mkavu na matone ya siki. Ukitoa povu, kuna chokaa.

Msichimbe wala kupalilia kwa jembe karibu na shina, kwa sababu ya ile mizizi ya juujuu. Badala yake tandazeni majani yaliyooza au magome ya msonobari, unene wa sentimita 5 hadi 8, bila kulifunika shina. Hiyo ndiyo blanketi na ndiyo chakula. Mkihitaji mboji ya dukani, mfuko uwe umeandikwa "ericaceous", maana mboji ya kawaida huwa na chokaa ndani.

Kupogoa, kama ni lazima, ni mara tu baada ya maua. Vichipukizi vya maua hujengwa mwishoni mwa kiangazi, miezi kama Agosti na Septemba, na anayekata wakati wa kupukutika majani anakata maua bila kujua. Ni miezi hiyohiyo mnayotakiwa kumwagilia kwa bidii, wakati kila mtu amekwisha kuvisahau vichaka. Kichaka kilichopata kiu Agosti hakisemi kitu. Kinakujibu Aprili kwa majani matupu, na mtu anabaki kulaumu baridi.

Mtaona vitu viwili vitatu visivyopendeza. Majani ya azalea yakivimba kama nyama na kuwa ya kijani cheupe, ni kuvu. Yachumeni kabla hayajapata unga mweupe, mtie kwenye pipa la taka. Vichipukizi vya rododendroni vikiwa vyeusi vyenye vinywele vidogo, navyo ni kuvu, vivunjeni. Dawa hazihitajiki.

Na baridi ikirudi, mfundisheni mtoto kusoma rododendroni kabla ya kuvaa koti. Kukiwa na jalidi, majani yake huinama na kujikunja kama mikeka iliyoviringishwa. Kadiri baridi inavyozidi ndivyo yanavyobana. Kukipata joto yanakunjuka. Watoto huanza kubishana dirishani kabla ya shule kama leo ni mkeka au si mkeka.

Kabla Mei haijapita, wapelekeni Richmond Park, London, kwenye sehemu iitwayo Isabella Plantation. Hamlipi kiingilio. Azalea zimepandwa kando ya vidimbwi na vijito, na mwishoni mwa Aprili hadi mwanzoni mwa Mei rangi zake huonekana mara mbili, juu na ndani ya maji. Humo kuna mkusanyiko wa azalea za Kurume, mji wa Japani, ambako Ernest Wilson alichagua aina 50 mwaka 1918 akazipeleka Marekani. Nendeni mapema, wikiendi yenye jua kuegesha gari ni vita. Na sheria ya mdomoni inatumika huko pia.

Wasomaji wa nyumbani najua mmeshaanza kuuliza kama azalea inaota kwetu. Kipimo changu ni chai. Panapostawi chai, yaani Lushoto, Njombe, Mufindi, Rungwe, au kwa majirani zetu Limuru na Kericho, udongo una tindikali na hewa ni ya baridi, na azalea atajisikia yuko kwao, akipata jua la asubuhi na kivuli cha mchana. Msimpe majivu. Najua jinsi tunavyopenda kumwaga majivu ya jikoni bustanini, na mchicha unashukuru, lakini majivu kwa azalea ni sawa na chokaa. Wala msimpande ukutani palipomwagwa mabaki ya saruji wakati wa ujenzi. Arusha, kama maji ya kisima chenu yana magadi, mwagilieni ya mvua. Aliyeko Dar es Salaam au Tanga mjini abaki na asmini na bogavilia. Azalea ya chungu itamchanulia mara moja kwa ajili ya picha, kisha itamfia.

Na ninyi wa Lushoto mnaofuga, matawi mnayopogoa yachimbieni mbali na zizi. Mbuzi aliyefungwa hana pa kuchagua, na atakula chochote mtakachomtupia.